Panya wa maabara au wagonjwa wa kliniki? Ulinganisho kwa anayechagua njia ya utafiti wa tasnifu Dar es Salaam

Wanafunzi wa uzamili wa tiba na famasia hapa mjini hulifikia swali hili andiko la utafiti likikaribia kuwasilishwa: nifanye jaribio kwa panya, au nilinganishe wagonjwa? Wengi huamua kwa sababu zisizohusu sayansi kabisa. Mmoja anaogopa kushika panya, mwingine amechoshwa na foleni za kliniki, wa tatu amesikia tu kwamba msimamizi wake ni mtu wa maabara. Mimi kazi yangu ni takwimu. Data hunifikia zikiwa zimeshakusanywa kwa jasho, na hapo ndipo hujulikana kama njia iliyochaguliwa ilikuwa na uwezo wa kujibu swali, au mtu alijipa kazi ya mwaka mzima bure.

Nitalinganisha kwa mada moja, kwa sababu ulinganisho wa jumla jumla haumsaidii mtu: je, majani ya mlonge yanashusha sukari ya damu? Mada hii inapendwa, na kwa haki. Mlonge umeota kwenye nyua kuanzia Mbagala hadi Bunju, unga wake unauzwa kila soko, na watu wanautumia bila kusubiri tasnifu ya mtu.

Tofauti inayozaa nyingine zote

Panya wa maabara wanafanana wao kwa wao, ila hawafanani na sisi. Wagonjwa ni sisi wenyewe, ila hawafanani wao kwa wao. Maabara ni wewe unayeamua nani apewe mlonge na nani asipewe. Kliniki watu walishaamua kabla hujafika na dodoso lako, na sababu zilizowafanya waamue hivyo zimo ndani ya data, uziulize usiziulize.

Ukilishika hilo, mengine yote ni hesabu ya unachopata na unachopoteza.

Upande wa panya

Jaribio la mada kama hii huendeshwa hivi. Majani huchumwa, hukaushwa kivulini, husagwa, hulowekwa kwenye ethanoli kwa siku kadhaa, huchujwa, kisha kimiminika hukaushwa mpaka ubaki mchujo mzito wa kijani unaonata. Panya wakubwa wa gramu 200 hivi hugawanywa makundi: wazima, wenye kisukari wanaopewa maji tu, wenye kisukari wanaopewa metformini (kidonge cha kawaida cha kisukari), na wenye kisukari wanaopewa mchujo kwa dozi mbili tofauti.

Kisukari chenyewe unakitengeneza. Panya hunyimwa chakula usiku kucha, kisha hudungwa aloksani au streptozotosini, kemikali zinazoua seli za kongosho zinazotoa insulini. Hapa pana mtego ambao maandiko mengi hayautaji. Seli zinapokufa humwaga insulini yote iliyokuwemo, sukari huporomoka ndani ya saa chache, na panya asiyewekewa maji ya glukosi usiku ule asubuhi unamkuta amekauka. Akivuka hapo, baada ya siku tatu hivi unamtoboa ncha ya mkia, unapata tone, unaliweka kwenye kipima sukari kile kile alichonacho bibi nyumbani. Wanaozidi milimoli 11 kwa lita unawahesabu kuwa na kisukari na kuwagawa kwa kura. Kuanzia hapo ni kuwapima uzito na kuwalisha mchujo kila siku kwa sindano butu ya mdomoni, kwa mkono usiotetemeka, maana ukikosea njia mchujo unaingia mapafuni.

Unachopata ni kikubwa. Kwanza, idadi ni ndogo. Kuna kanuni ya haraka: jumla ya panya ukitoa idadi ya makundi, jibu liwe kati ya 10 na 20. Makundi matano ya panya watano ni 25, toa 5 unabaki na 20, umefika. Pili, muda ni mfupi, maana majaribio mengi ya aina hii huchukua wiki tatu au nne za kulisha. Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, mwishoni unaweza kutazama ndani. Unachukua ini, figo na kongosho, unakata vipande vyembamba, unaviweka chini ya hadubini na kuona kama seli zimepona au mchujo wako umezidisha madhara. Hakuna mgonjwa wa Temeke atakayekupa kongosho lake.

Historia ya kisukari yenyewe ilianzia kwa wanyama. Mwaka 1889 Joseph von Mering na Oskar Minkowski walimtoa mbwa kongosho, naye akapata kisukari. Ndipo ikajulikana ugonjwa unatokea wapi. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, Toronto, walishusha sukari ya mbwa wa namna hiyo kwa mchujo wa kongosho. Kwa kulinganisha wagonjwa peke yake usingefika hapo. Lakini tazama kilichofuata. Januari 11, 1922, mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa mchujo ule ule: sukari ilishuka kidogo tu, na mahali pa sindano pakafanya jipu. Ilibidi James Collip ausafishe upya, na sindano za kuanzia Januari 23 ndizo zilizomwokoa. Mbwa walionyesha kwamba dawa ipo. Kwamba bado haikufaa kwa binadamu, hilo alilionyesha mgonjwa.

Sasa udhaifu. Wa kwanza umekaa kwenye sindano ya aloksani. Panya wako ana kisukari kwa sababu seli zake za insulini zimeuawa ghafla, jambo linalokaribia kisukari cha aina ya kwanza. Mama wa miaka 55 anayekuja kliniki na kitambi na presha ana aina ya pili: insulini anayo, mwili wake ndio hauitikii vizuri. Mchujo ukishusha sukari ya panya yule, umejibu swali la mtu mwingine. Ipo njia ya kukaribia aina ya pili, nayo ni kuwalisha panya mafuta mengi kwa wiki kadhaa ndipo uwadunge streptozotosini kidogo. Inaongeza muda na gharama, lakini mtahini makini ataiulizia.

Wa pili ni dozi. Nimesoma tasnifu iliyompa panya miligramu 500 kwa kilo na kuhitimisha kwamba "mlonge una manufaa kwa wagonjwa". Haya, tufanye hesabu. Mwili mdogo huchoma vitu haraka kuliko mkubwa, kwa hiyo dozi ya panya mkubwa hugawanywa kwa 6.2 hivi kabla ya kufikiriwa kwa binadamu. Miligramu 500 zinakuwa kama 81 kwa kilo, na kwa mtu wa kilo 60 ni karibu gramu 4.9 za mchujo kila siku. Kama gramu 100 za majani makavu zinatoa gramu 10 za mchujo, mtu huyo atakula gramu 49 za unga wa mlonge kila siku ya Mungu. Nani anakula hivyo? Na hesabu hiyo ni makadirio tu, wala haimlindi mtu. Machi 2006, London, vijana sita wazima walipewa dawa iliyoitwa TGN1412 kwa dozi ndogo mara 500 kuliko ile iliyoonekana salama kwa nyani, na wote sita waliishia chumba cha wagonjwa mahututi.

Tofauti za spishi nazo hazina adabu. Penisilini iliyookoa mamilioni ya watu inaua simbilisi. Kwa kiharusi hali ilikuwa mbaya zaidi: mapitio ya mwaka 2006 yalihesabu tiba 1,026 zilizojaribiwa maabara, na 114 tu ndizo zilizofika kwa binadamu, karibu zote zikaangukia pua. Sehemu ya lawama si ya panya, ni ya watafiti. Hawakugawa kwa kura, aliyepima alijua nani kapewa nini, na majaribio yaliyoshindwa yalibaki kabatini. Wewe unaweza kuepuka hayo bila gharama yoyote. Mwombe mwenzako aandike namba kwenye chupa za mchujo na ufunguo wa namba akae nao yeye mpaka upimaji uishe.

Halafu kuna mambo ya Dar es Salaam. Panya wa maabara wanataka joto la nyuzi 20 hadi 24 au zaidi kidogo. Januari na Februari mji huu unapita 30, na umeme ukikatika chumba cha wanyama kinageuka tanuri. Panya aliyeteswa na joto sukari yake inabadilika bila mlonge wala metformini. Uliza kama jenereta ipo na inahudumia chumba kile, usiridhike kuambiwa lipo jengoni. Panya hawajui Jumapili wala Idi. Maranda yabadilishwe, maji yajazwe, uzito upimwe. Na mwisho wa jaribio kuna kuwaua, kwa dawa ya usingizi na kwa utaratibu, kazi ambayo baadhi ya watu hugundua siku ile ile kwamba hawaiwezi. Bora ulijue hilo mapema, ukiwa bado unachagua.

Upande wa wagonjwa

Huku majina ni mengi lakini sura ni tatu. Unaweza kuwapima watu siku moja na kulinganisha wanaotumia mlonge na wasioutumia. Unaweza kuanza na wenye tatizo fulani, tuseme waliopata kidonda cha mguu, na wasio nalo, ukarudi nyuma kuuliza walikuwa wakitumia nini. Au unaweza kuwafuata mbele kwa miezi. Kuna sura ya nne, ya kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, nayo nitaifikia.

Kinachovutia huku kiko wazi: jibu linamhusu mtu. Hakuna kugawanya dozi wala kubishana kama kongosho la panya ni kama letu. Kipimo cha HbA1c, ambacho wagonjwa wanakiita sukari ya miezi mitatu, kinakueleza sukari ilivyokuwa kwa wiki kama 12 zilizopita, si ya asubuhi ile mtu aliyofunga kula makusudi ili daktari asimgombeze. (Mwenye selimundu au tatizo lolote linalofupisha maisha ya chembe nyekundu kipimo hiki humsomea chini kuliko ukweli. Hapa kwetu selimundu si jambo la nadra. Liulize kwenye dodoso.)

Ugumu unaanza kwenye swali lenyewe la mlonge. Mahojiano ya kliniki huwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mbali na vidonge vya hospitali, kuna dawa nyingine yoyote unatumia nyumbani?"

"Hapana baba, mimi natumia za daktari tu."

"Na mlonge je, huwa unatumia?"

"Ah, mlonge si dawa, ni mboga ile! Nasaga majani natia kwenye uji kila asubuhi, toka mwaka juzi."

Kama dodoso lako lina swali la kwanza pekee, mama huyu ameingia kundi la wasiotumia. Wakiwa kama yeye kumi na tano, makundi yako mawili yameshakuwa kundi moja na tofauti unayoitafuta imeyeyuka. Uliza kwa majina: uji, chai, mboga, unga, mbegu. Uliza kijiko cha chai au cha chakula, mara ngapi kwa wiki, ulianza lini. Kwa HbA1c, aliyeanza wiki iliyopita hahesabiwi mtumiaji.

Ugumu wa pili unawashinda wengi. Ni nani anaanza kutumia mlonge? Mara nyingi ni yule ambaye sukari imemshinda. Vidonge viwili vimeongezwa, jirani amemwambia jaribu hiki, naye anajaribu. Ukipima, watumiaji wa mlonge watakuwa na sukari ya juu kuliko wenzao, na kompyuta itakupa jibu lenye nyota tatu, alama ya tofauti isiyoelekea kuwa ya bahati tu, kwamba mlonge unapandisha sukari. Upande wa pili yupo mtumiaji mwenye kipato na elimu, anayetembea jioni ufukweni Coco na amepunguza ugali. Kwake mlonge utaonekana muujiza. Watumiaji hawa wawili mlonge wao ni mmoja, majibu yao yanapingana, na mlonge wenyewe haujafanya lolote.

Dawa ya hili ni kujua mapema ni mambo gani yanayoambatana na mlonge na sukari kwa pamoja, kisha kuyapima: umri, miaka aliyoishi na kisukari, dawa za hospitali na kama anazimeza, uzito, bima, kazi. Ukiyapima, mtu wa takwimu anaweza kukusaidia kulinganisha watu wanaofanana. Usipoyapima hakuna programu ya kompyuta itakayoyafufua.

Mfano bora wa mtego huu umepita katika jiji hili. Mwaka 1994 utafiti wa Malawi uliwalinganisha akina mama wenye VVU na kukuta wenye vitamini A kidogo mwilini waliwaambukiza watoto zaidi. Hitimisho lilionekana rahisi: wapewe vitamini A. Watafiti wa Muhimbili na Chuo Kikuu cha Harvard waliendesha jaribio Dar es Salaam, lililoanza mwaka 1995 kwa wajawazito zaidi ya 1,000 wenye VVU, wakiwagawa kwa bahati nasibu. Matokeo ya mwaka 1998 yalionyesha kwamba mchanganyiko wa vitamini B, C na E ulipunguza vifo vya mimba na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Vitamini A? Haikusaidia, na matokeo yaliyochapishwa 2002 yalionyesha kwamba iliongeza maambukizi kwa mtoto. Ulinganisho wa Malawi haukuwa umepikwa. Vitamini A kidogo ilikuwa ikifuatana na kitu kingine, huenda ugonjwa wenyewe kuwa mkali.

Kwa hiyo, kugawa kwa bahati nasibu kunaunganisha nguvu ya maabara na ukweli wa binadamu. Wakati mwingine huangusha hata lile ambalo kila daktari analiamini. Jaribio la FEAST lilichukua watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, kwetu ikiwa ile ya Muheza, Tanga. Wapo waliomiminiwa maji ya mshipa kwa haraka kama vitabu vilivyofundisha, na wapo waliopewa ya kawaida tu. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.5 hivi ya waliomiminiwa, na 7.3 ya wasiomiminiwa. Jaribio likasimamishwa mwaka 2011. Hakuna panya aliyetuambia hivyo, wala mafaili ya wodini yasingetuambia, kwa kuwa wodini anayemiminiwa maji mengi ni yule aliye mahututi zaidi.

Je, wewe mwanafunzi ufanye jaribio la namna hiyo kwa mlonge? Kwa tasnifu, mimi nasema hapana, isipokuwa umeingia ndani ya mradi ambao tayari upo. Unahitaji mlonge wenye ubora unaofanana kopo kwa kopo, kidonge kisicho na dawa kinachofanana nao, watu wa kufuatilia madhara, bima ya washiriki, na vibali vya ngazi ambayo muda wa masomo hautoshi.

Lakini pia usiudharau ulinganisho wa kawaida. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichukua wagonjwa 709 wa saratani ya mapafu katika hospitali za London na wagonjwa wengine 709 wa umri na jinsia inayolingana, waliolazwa kwa maradhi mengine. Kwa wanaume, wasiovuta sigara kabisa walikuwa 2 kati ya 649 wenye saratani, na 27 kati ya 649 wasio nayo. Nani angekubali kuwagawa watu kwa kura wavute sigara miaka 20? Jambo likiwa la madhara, kulinganisha wagonjwa ndiyo njia iliyobaki. Nao walijihadhari. Walihofia kwamba mwenye saratani angekumbuka sigara zake kuliko mwenzake, wakawatazama wale walioambiwa wana saratani na baadaye ikabainika hawana. Uvutaji wao ulifanana na wa wasio wagonjwa. Ukaguzi wa namna hii haukugharimu senti. Ulihitaji mtu aliyekaa chini akafikiri namna anavyoweza kudanganyika.

Kundi la kulinganisha ndilo linaloua tasnifu nyingi. Ukiwachukua wenye vidonda kutoka hospitali ya rufaa ya taifa na wasio na vidonda kutoka zahanati ya mtaani, umelinganisha hospitali mbili, vidonda vimefuata tu. Wachukue wote kliniki moja, siku zile zile, kwa utaratibu ule ule. Na kama unategemea mafaili, kaa siku moja masijala kwanza. Utakuta uzito haujaandikwa, mgonjwa mmoja ana namba mbili, na "Mwanahawa" na "Mwanaawa" kumbe ni mtu mmoja.

Jambo la mwisho huku ni damu. Ukichukua damu ya utafiti watu watauliza inakwenda wapi, na wana haki. Eleza kwa lugha ya kawaida, rudisha majibu kwa mgonjwa, mpe nauli yake. Anayeona amenyonywa harudi, na akibadilisha laini ya simu hutampata tena.

Vibali

Kwa kifupi, kwa kuwa kila chuo kina fomu zake. Njia zote mbili zinapita kamati ya maadili ya chuo. Kwa panya utaulizwa kuhusu maumivu, idadi, na kwa nini usitumie njia isiyo na wanyama. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, na misingi mitatu ya Russell na Burch ya mwaka 1959 (badilisha, punguza, boresha) ndiyo lugha ya fomu hizo. Kwa wagonjwa unaongeza barua ya mganga mfawidhi wa hospitali husika, fomu ya ridhaa kwa Kiswahili kinachosomeka, na mahali pa kufungia majina. Jaribio la dawa kwa binadamu linapanda hadi kamati ya kitaifa iliyo chini ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na pia TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba).

Nani achague nini

Ukiwa daktari wa MMed (uzamili wa tiba) unayezunguka wodi na zamu za usiku, chagua wagonjwa. Panya wanataka mtu wa kila siku, wewe huna siku hiyo. Na kliniki upo tayari kila wiki. Ila swali liwe la kliniki. Badala ya "mlonge unashusha sukari?", uliza ni wagonjwa wangapi wanautumia, wanaacha vidonge kwa ajili yake au wanavichanganya, na wanaochanganya sukari inawashuka mno mara ngapi. Maswali hayo panya hawawezi kuyajibu, na daktari wa zamu kesho asubuhi atayatumia.

Ukiwa famasia au tiba asilia, na chumba cha wanyama kipo chenye mhudumu anayekijua, chagua panya. Nawe badilisha swali. Kwamba mlonge unashusha sukari ya panya wa aloksani, hilo limeshachapishwa na wengi, na tasnifu ya kuongeza jiwe kwenye rundo lile haina haja ya kuua wanyama 25. Uliza lile lisiloweza kuulizwa kwa mtu: mchujo na metformini vikitolewa pamoja figo inakuwaje? Dozi ya miezi mitatu ini linasemaje?

Kama fedha hazitoshi popote, kuna mlango wa tatu ambao wasimamizi wengi hawautaji. Mchujo unaweza kupimwa kwenye vichupa dhidi ya vimeng'enya vinavyovunja wanga tumboni, na sumu yake ya awali kupimwa kwa viduduvidudu vya maji chumvi vinavyoanguliwa kutoka mayai makavu ndani ya siku mbili. Jibu lake ni dogo, lakini ni safi.

Anayeelekea kliniki asiandike idadi ya sampuli kabla hajaenda kuhesabu. Kaa wiki mbili pale unapotaka kufanyia, ukiwauliza wagonjwa wa siku za kliniki kuhusu mlonge, bila kuandika jina. Tuseme unapata watumiaji watatu kwa siku, na kliniki ni siku mbili kwa wiki: watumiaji sita. Ukitaka kulinganisha asilimia, mfano 20 dhidi ya 10, unahitaji watu 199 kila upande, yaani wiki 34 za kukusanya, na hapo hakuna aliyekataa wala aliyeumwa. Ukilinganisha wastani wa HbA1c badala yake, ukitafuta tofauti ya pointi 1 na mtawanyiko wa pointi 2, unahitaji 63 kila upande. Wiki 11.